Kuhamisha Kinanda cha Mabomba hadi Kanisa la Unguja: Mwongozo kwa Kamati za Kanisa

Kanisa linapofungwa Uingereza, kinanda chake cha mabomba mara nyingi hutolewa kwa bei ndogo, au bure kabisa, kwa sharti kwamba mpokeaji agharimie kazi ya kukifungua na kukiondoa. Habari hiyo ikifika kwa kamati ya kanisa hapa Unguja au Pemba, shangwe huwa kubwa na maswali huwa machache. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya kamati hiyo. Mimi ni seremala wa Mji Mkongwe. Kazi yangu ni milango, masanduku na ngazi, na niliingia katika shughuli hii kwa kuitwa kusaidia kuunga kinanda kilichofika kikiwa vipande ndani ya masanduku thelathini na moja. Mengi ya yaliyomo humu niliyajua baada ya kukosea, na ninayaandika kwa utaratibu ambao natamani tungeufuata, yaani kuanzia kwenye kanisa linalopokea kabla ya kuligusa lile linalotoa.

Ni vema kwanza kukijua chombo chenyewe. Kinanda cha mabomba ni mashine ya upepo. Mvukuto mkubwa, ulioelemezwa vyuma au matofali juu yake, hushika upepo kwa mgandamizo usiobadilika. Upepo huo huingia katika sanduku la upepo, ambalo ndilo moyo wa chombo. Na juu ya sanduku husimama mabomba, kila nota na bomba lake. Mpigaji anapobonyeza kibonyezo, ufito mwembamba wa mbao huvuta kilango kidogo kilichovishwa ngozi ndani ya sanduku, na upepo hupanda. Mabomba yenyewe ni ya namna mbili. Mengi hulia kama filimbi, kwa upepo unaokatwa na ukingo wa mdomo wa bomba. Machache hulia kama zumari, kwa ulimi wa shaba unaotetemeka. Safu moja, yaani mabomba ya sauti ya namna moja, katika vinanda vya zamani vya Kiingereza aghalabu huwa na mabomba 56, kuanzia bomba la mita 2.4 hadi lililo dogo kuliko penseli, hivyo kinanda cha safu nane, pamoja na mabomba yanayolizwa kwa kanyagio za miguu, hukaribia mabomba 500. Vitu vyote hivyo vinapaswa kutoka, kusafiri na kurudi mahali pake kila kimoja.

Hatua ya kwanza: liandaeni kanisa lenu

Anzeni na sakafu. Kinanda chenye ngazi mbili za vibonyezo na safu kumi hivi kinaweza kufikia uzito wa tani tatu, na uzito huo hukaa mahali pamoja usiku na mchana. Sakafu za juu katika majengo ya zamani ya Mji Mkongwe hubebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ndani ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na ncha za boriti hizo zikiingiwa na maji huoza ndani kwa ndani bila ya kuonekana. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, sote tulikumbushwa kwamba jengo la zamani linaweza kuonekana limesimama imara mpaka siku linapoanguka. Kwa hiyo, hata kama mpigaji wenu anatamani kukaa juu ya roshani kama alivyoona kwenye picha za Ulaya, kiwekeni chini.

Chini nako kuna lake, kwa sababu kuta zetu hunyonya unyevu na chumvi. Jengeni kitako cha mbao za mvule au msaji, chenye urefu wa sentimita 15 kutoka sakafuni, kilichoachwa wazi pembeni ili hewa ipite na mtu aweze kumulika kurunzi chini yake. Nyuma ya kinanda acheni nafasi ya sentimita 60 hadi ukutani. Kamati nyingi huiona nafasi hiyo kuwa ni ya kupotezwa; ndimo atakamopita fundi wa kulinganisha sauti, na ndimo mtakamoona njia za udongo za mchwa kabla hawajafika kwenye mbao. Epukeni mahali ambapo jua la jioni linapiga moja kwa moja, na msikiweke chini ya sehemu ya paa iliyowahi kuvuja, hata kama imeshatengenezwa. Feni za dari nazo zisiwe karibu na mabomba, kwani mapanga yake yakizunguka huikatakata sauti na kuifanya itetemeke, na mtamlaumu fundi bure.

Kisha tundikeni kipimajoto na kipimaunyevu mahali hapo, na mtu mmoja aandike vipimo asubuhi na alasiri. Mwaka mzima ndio bora, ili mpate masika, kusi, vuli na kaskazi. Mkikosa muda, isikoseni masika. Unyevu wa hewa hapa mara nyingi huzidi asilimia 70, ilhali mbao za kinanda mnachokiendea zilikauka katika nchi baridi na huenda zilikaa miaka mia ndani ya jengo linalowashwa moto wakati wa baridi. Vipimo hivyo mtavipeleka kwa fundi wa kule, naye atajua ni sehemu zipi alegeze kabla ya safari. Ikiwa kanisa limo ndani ya Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wasilianeni mapema na Mamlaka ya Mji Mkongwe kuhusu jambo lolote litakalogusa kuta, sakafu au mlango.

Hatua ya pili: chagueni chombo kinachoweza kuishi pwani

Ushauri wangu hapa ni mkali. Chukueni kinanda ambacho kibonyezo huvuta kilango kwa fito za mbao tu, na mkikatae kile kinachotumia vifuko vya ngozi vya upepo au sumaku za umeme kufanya kazi hiyo, hata kiwe kizuri namna gani na hata kiwe bure. Ufito ukivunjika, seremala yeyote wa Darajani ataweza kuchonga mwingine. Vifuko mia kadhaa vya ngozi nyembamba vikianza kuoza kwa unyevu, au nyaya za shaba zikila kutu ya chumvi, hakuna atakayekuja kuvitengeneza kwa nauli ambayo kanisa linaweza kuilipa. Vilevile msivuke safu kumi. Kinanda kidogo kinachofanya kazi hujaza kanisa la mawe bila ya taabu.

Mpelekeni mtu wenu, au mwombeni mpigaji wa kule asiyehusika na mauzo, akipige kila nota ya kila safu. Kwa historia ya chombo, British Institute of Organ Studies, chama kilichoanzishwa mwaka 1976, kinatunza rejesta ya vinanda vya mabomba vya Uingereza inayoweza kusomwa kwenye intaneti, na humo mara nyingi mtakuta aliyekijenga, safu zake na kazi zilizowahi kufanyika. Ulizeni pia juu ya gundi. Gundi ya zamani inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama hulainika kwa joto na unyevu, ndiyo maana mafundi wa Uingereza waliojenga vinanda kwa ajili ya nchi za joto walizoea kuongeza skrubu mahali ambapo kwao wangetosheka na gundi peke yake. Kama hicho chenu hakikujengwa hivyo, mwombeni fundi atie skrubu za shaba kwenye maungio makubwa kabla hakijaondoka. Za chuma msikubali.

Hatua ya tatu: vibali

Kanisa la Uingereza haliruhusu kinanda kutolewa jengoni bila ya kibali rasmi cha dayosisi, na kibali hicho huweza kuchukua miezi. Msilipe nauli ya meli kabla ya kukiona kwa maandishi.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni pembe za ndovu. Vibonyezo vyeupe vya vinanda vya karne ya 19 mara nyingi vilivishwa vipande vyembamba vya pembe, na pembe haivuki mpaka bila ya hati za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, iwe ya zamani au ya juzi. Kuna kinaya ndani ya jambo hili: shehena kubwa za pembe zilizopakiwa katika bandari yetu wakati huo zilikwenda Connecticut, Marekani, kukatwa kuwa vibonyezo, na wachukuzi waliozileta pwani kutoka bara hawakupata kuusikia muziki wake. Njia nyepesi ni kumwomba fundi wa kule azibandue pembe hizo, aziache huko kwa mujibu wa sheria za kwao, na avishe vibonyezo mfupa wa ng'ombe. Vidole havitambui tofauti.

Mbao za masanduku ya kufungia nazo zina sheria yake. Zinapaswa kuwa zimepashwa joto hadi kiini cha ubao kifikie nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au kufukizwa dawa, na kugongwa muhuri wa kimataifa unaothibitisha hivyo. Sanduku lisilo na muhuri linaweza kuzuiliwa bandarini pamoja na vilivyomo.

Hatua ya nne: andikeni kabla ya kufungua

Wageni wanaozuru Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alipokuwa hayupo. Nguzo iliyogeuzwa bado hubeba dari. Ufito wa kinanda uliogeuzwa haufanyi kazi, na fito zote zinafanana. Kwa hiyo kabla ya bisibisi ya kwanza kugusa skrubu ya kwanza, kila kitu kiwe na alama inayosema ni cha wapi, upande upi ni juu, na upande upi ni mbele.

Kwanza rekodini sauti. Pigeni kila bomba peke yake, safu kwa safu, na andikeni yaliyokuwa mabovu tayari, ili baadaye msihangaike kutafuta kosa ambalo halikutokea safarini. Pimeni mgandamizo wa upepo kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji: upande mmoja ukiunganishwa na tundu la sanduku la upepo, maji hushuka upande huo na kupanda upande wa pili, na tofauti ya urefu ndiyo kipimo. Katika vinanda vidogo vya aina hii tofauti hiyo huwa karibu milimita 75. Tarakimu yenu, iwayo yote, iandikwe kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa, na kila tofali au chuma kilicholala juu ya mvukuto kipewe namba na mahali pake. Sisi tulipata vyuma kumi na kimoja bila ya maelezo, na ilituchukua siku mbili kujua kwamba kimoja hakikuwa cha mvukuto hata kidogo. Kilikuwa kizuizi cha mlango wa kanisa la kule, kimefungwa kwa makosa.

Pigeni picha kwa wingi, na picha ziwe na kipimo ndani yake, kwa mfano rula. Alama kwenye mbao ziandikwe kwa penseli mahali pasipoonekana. Vibandiko vya gundi vitabanduka ndani ya kontena kwa joto.

Hatua ya tano: kufungua na kufunga

Kufungua kuna mpangilio wake, na haufai kuvurugwa kwa haraka za wenye jengo. Mabomba ya zumari hutoka kwanza, kwa kuwa ulimi wake ukiguswa vibaya sauti huharibika kabisa. Kila moja lifungwe peke yake na lisiwekwe pamoja na mengine. Yafuatie mabomba madogo ya filimbi, kisha ya kati, kisha makubwa, na mwisho yale ya mbele yanayoonekana na watu. Baada ya mabomba ndipo zitoke fito, zikiwa zimefungwa kwa mpangilio wake juu ya ubao mmoja. Halafu sanduku la upepo, mvukuto, kabati linalokizunguka kinanda, na mwisho fremu inayobeba vyote. Sanduku la upepo lisipasuliwe. Libebwe zima, likiwa limelala, na matundu yake yote yazibwe kwa karatasi ili punje ya mchanga isiingie, kwa sababu punje moja chini ya kilango inatosha kukifanya kinanda kilie chenyewe katikati ya mahubiri.

Madini ya mabomba ni mchanganyiko wa risasi na bati, laini kiasi cha kukunjika kwa mkono. Waliokabidhiwa kazi hiyo wavae glavu au wanawe kabla ya kula, na watoto wasikaribie. Bomba hushikwa kwa mikono miwili, kamwe lisishikwe kwenye mdomo wake, kwa kuwa mdomo ukibonyea milimita moja sauti hubadilika. Kila bomba lifungwe kwa karatasi nyeupe isiyo na wino, yalazwe kwa kupishana kichwa na mguu, na mdomo uelekee juu. Sanduku lisizidi uzito ambao watu wawili wanaweza kuunyanyua bila ya kulaani.

Kuna vifaa vya kufungia ambavyo vinafaa kukataliwa hata kama vipo karibu. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi, kwa hiyo masanduku yasitengenezwe kwa mbao hizo. Nailoni iliyozibwa kote huhifadhi jasho na kuotesha ukungu. Na endapo mtahitaji kufunga tena baadhi ya vitu hapa, msitumie makumbi ya nazi kama matandiko, kwa sababu makumbi yetu hufukiwa ufukweni kwenye maji ya bahari kabla ya kupigwa, na chumvi hubakia humo. Blanketi kuukuu zilizofuliwa kwa maji baridi na kukauka vizuri zinashinda vyote.

Kabla ya kontena kufungwa, kagueni kila ubao kama umebunguliwa. Vitundu vidogo vyenye unga mpya ni dalili ya fukusi walio hai, na hawafai kuletwa kisiwani. Watibiwe kulekule.

Hatua ya sita: meli na bandari

Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya takriban mita 5.9 kwa urefu na mita 2.35 kwa upana, na linatosha kwa kinanda cha ukubwa niliousema. Pakieni fremu karibu na mlango, kwa sababu ndiyo itakayohitajika kwanza huku. Mabomba yakae ndani kabisa, juu ya vitu vizito na si chini yake. Tundikeni mifuko ya kunyonya unyevu, maana ndani ya kontena joto la mchana na baridi ya usiku hufanya matone ya maji yaanguke kutoka darini kama mvua. Chagueni tarehe ya kuondoka ili kontena lisifike katikati ya masika.

Hati ya shehena, orodha ya vifurushi, barua ya zawadi kutoka kanisa lililotoa, na maombi ya msamaha wa ushuru kama mnayatarajia, vyote viwe mikononi mwa wakala wenu wa forodha kabla meli haijafika. Katika orodha ya vifurushi msiandike “mabomba” peke yake. Wakala wetu aliandika hivyo, na kwa muda wa siku kumi na tisa tulikuwa tukieleza kwamba hatukuleta vifaa vya maji kwa ajili ya biashara, huku gharama za uhifadhi zikipanda na kontena likichomwa na jua. Andikeni “kinanda cha kanisa kilichotumika, vipande”, na ambatanisheni picha ya kinanda kikiwa kimesimama.

Hatua ya saba: kutoka barabarani hadi mlangoni

Kontena halipiti katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa hiyo mzigo utashushwa barabarani na kumaliziwa kwa mikokoteni na mabega. Wiki moja kabla, chukueni fito nyepesi, ungeni umbo lenye vipimo vya sanduku lenu kubwa kuliko yote, na watu wawili walibebe kutoka mahali pa kushushia hadi ndani ya kanisa, wakipita kila kona. Sisi tulipima upana wa vichochoro kwa futi kamba na tukaridhika, tukasahau kwamba sanduku refu linahitaji nafasi ya kugeuka. Likakwama kwenye kona kwa saa tatu, na akina mama waliokuwa wakitoka sokoni wakalazimika kuzunguka mtaa mzima. Mzee mmoja ndiye aliyetufaa, kwa kutuonyesha kwamba likisimamishwa wima litapita. Lilikuwa na sanduku la upepo ndani, ambalo haliruhusiwi kusimamishwa wima, kwa hiyo tukarudi nyuma na kupitia njia nyingine.

Semeni na mahamali mapema, na mwonyesheni msimamizi wao kitu kimoja kilichomo ndani ili ajue kwa nini “taratibu” safari hii ina maana yake. Anzeni alfajiri. Siku ya Ijumaa haifai, na mwezi wa Ramadhani haifai kumtaka aliyefunga abebe tani mbili juani. Wapeni majirani habari ya siku na saa. Watawasaidia kuliko mnavyotarajia.

Hatua ya nane: subirini

Masanduku yakishafika yafunguliwe vifuniko, vitu vyote vya mbao vitolewe na kupangwa ndani ya kanisa, na viachwe hivyo kwa wiki nne au zaidi. Hakuna hatua inayochukiwa kama hii. Waumini wanaona mbao zimelala sakafuni, na kila Jumapili mtu anauliza. Lakini ubao uliotoka nchi kavu kwa ndani hutanuka kwa upana wake unapokutana na hewa ya hapa, na mkiuunga kabla haujamaliza kutanuka, vile vibao vya kuteleza vinavyofungua na kufunga safu vitakaza, na vibonyezo vitashikana. Pimeni upana wa ubao mmoja mpana kila siku tatu na uandikeni. Ukiacha kubadilika kwa wiki mbili mfululizo, anzeni kazi.

Hatua ya tisa: kuunga, upepo na umeme

Kuunga ni kurudi kinyumenyume katika daftari. Fremu isimamishwe kwa pimamaji kila upande, kwa sababu fremu iliyoinama kidogo hupindua fito zote. Mvukuto urudi na vyuma vyake kwa namba. Kisha pimeni upepo kwa ule mpira wa maji, na msiendelee mpaka kipimo kilingane na kilichoandikwa kwenye jalada. Mabomba huingia mwisho, makubwa kwanza.

Umeme wa Uingereza na wa kwetu ni wa volti 230 na mizunguko 50, kwa hiyo feni ya kutia upepo itafanya kazi bila ya kubadilishwa, ila iwekewe kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Feni ivute hewa ya ndani ya kanisa lenyewe. Ikivuta hewa ya nje au ya stoo yenye joto, sauti haitatulia kamwe. Na kama kinanda chenu kina mkono wa zamani wa kuvukutia, msikubali utupwe kwa hoja kwamba umepitwa na wakati. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mmoja bila ya umeme wa gridi, na kuanzia Disemba 2009 tukakaa takriban miezi mitatu. Kijana mmoja mwenye mkono imara ni akiba ya kutosha.

Hatua ya kumi: kulinganisha sauti

Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, sauti ya bomba la filimbi hupanda kwa karibu asilimia 3 ya nusu-toni. Kinanda kilicholinganishwa kwa nyuzi joto 15 ili nota A iwe na mitetemo 440 kwa sekunde, kikipigwa hapa kwenye nyuzi 28 kitatoa karibu 450. Hakijaharibika, hewa ndiyo iliyobadilika. Kamati itatakiwa kuamua kama irefushe mabomba yote ili kurudi 440, au ikubali sauti ilivyo. Maoni yangu ni kwamba mkubali, isipokuwa kama kwaya yenu inapigiwa pamoja na ala nyingine kila wiki, kwa kuwa kila mguso wa zana kwenye madini yale laini unapunguza umri wa bomba, na kwaya ikiimba na kinanda peke yake haitajua. Mabomba ya zumari hayapandi kwa joto kama yale ya filimbi, kwa hiyo yataonekana yameshuka; hayo ndiyo ya kusogezwa yafuate mengine, kwa ule waya wake mdogo juu ya ulimi.

Linganisheni kwa saa ileile ya ibada. Kama misa yenu ni saa moja asubuhi, kazi ifanywe saa moja asubuhi kwa siku kadhaa, milango ikiwa imefunguliwa kama siku ya ibada. Inahitaji watu wawili, mmoja ndani ya kabati na mwingine kwenye vibonyezo, na inahitaji ukimya ambao Mji Mkongwe hautoi kwa urahisi. Pangeni saa zenu pamoja na majirani, na adhana inapotolewa zimeni feni na mpumzike. Ni adabu, na vilevile hakuna kitakachosikika.

Hatua ya kumi na moja: mwaka wa kwanza

Pigeni kinanda kila siku, angalau dakika kumi na tano, safu zote. Chombo kinachokaa kimya pwani huwa nyumba ya wengine: panya hula ngozi, na nyigu wanaojenga viota vya udongo hupenda sana midomo ya mabomba. Wekeni wavu mwembamba kwenye matundu ya kabati, na kila wiki mtu amulike chini ya kitako kutafuta njia za mchwa. Msipake mafuta ya aina yoyote kwenye kibao kinachokaza. Mafuta hunasa vumbi, na vumbi lenye chumvi huwa kama msasa. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Wafundisheni vijana wawili, wala si mmoja, tangu siku ya kufungua masanduku. Daftari likae kanisani katika kabati linalofungwa, ufunguo mmoja kwa mpigaji na mwingine kwa katibu, na kila tatizo liandikwe pamoja na joto na unyevu wa siku hiyo. Masika ya kwanza yataleta vibonyezo vinavyoganda. Viacheni mpaka kusi ianze kuvuma, kisha orodhesheni vile tu ambavyo havikujirekebisha vyenyewe. Kwetu vilibaki vinne kati ya ishirini na mbili, na nilivipiga randa kidogo kwa asubuhi moja.